Yzerman na Detroit: tunampimaje anayejenga timu upya?

Hapa Tanga, ukitaka baraza lolote la kahawa pale Ngamiani lichangamke, ulizia tu Coastal Union wasajili vipi. Mmoja atasema wapandishe vijana, wa pili atataka wazoefu wenye majina, wa tatu atakurudisha kwenye ubingwa wa 1988 kwa sauti ya mtu aliyekuwepo jukwaani. Kazi yangu ni kutathmini wachezaji na mipango ya usajili, kwa hiyo mabishano hayo nayapenda sana. Lakini mfano ninaoutumia zaidi kuwafundisha vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii hautoki uwanja wetu wa Mkwakwani. Unatoka kwenye mpira wa magongo wa barafuni, ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, na unamhusu Steve Yzerman, aliyepewa umeneja mkuu wa Detroit Red Wings Aprili 2019.

Nimeuchukua mchezo huo kwa sababu hesabu zake ziko mezani. Kila klabu ina kikomo cha mishahara: dola milioni 81.5 Yzerman alipoanza, milioni 88 msimu wa 2024/25. Hakuna tajiri wa kununua kila mtu, na hakuna kushuka daraja. Chipukizi wa miaka 18 hugawanywa kwa zamu kila mwaka, walioshika mkia wakichagua mapema, ila zamu za juu kabisa huamuliwa kwa bahati nasibu. Mikataba nayo hujulikana, miaka na fedha. Mtathmini ana kila anachohitaji.

Cha kwanza kabisa, tenganisha bahati na kazi ya mtu. Yzerman alifika Detroit na jina kubwa. Alikuwa nahodha wa klabu hiyo kwa miaka 20 na alibeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara tatu akiwa uwanjani, 1997, 1998 na 2002. Kisha akaijenga Tampa Bay kuanzia 2010 hadi 2018, na kikosi kile kikatwaa ubingwa 2020 na 2021 yeye akiwa ameshaondoka. Watu wakasema atarudia yale yale. Wanachosahau ni kwamba Tampa aliwakuta Steven Stamkos, chaguo la kwanza la 2008, na Victor Hedman, chaguo la pili la 2009. Nguzo mbili zilikuwa zimeshasimamishwa. Ustadi wake ulikuwa kuwapata wa kuwazunguka: Nikita Kucherov chaguo la 58 mwaka 2011, Brayden Point la 79 mwaka 2014. Hiyo ni kazi ya macho na maskauti, na sifa zake anastahili zote.

Detroit hakukuta nguzo za namna hiyo. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 17 tu kati ya 71, ikaambulia pointi 39, ya mwisho ligi nzima. Kwenye bahati nasibu ilikuwa na nafasi kubwa kuliko timu yoyote ya kupata chaguo la kwanza, asilimia 18.5, ikaangukia la nne, ambalo ndilo la chini kabisa lililowezekana kwake. Mtu akikwambia Yzerman ameshindwa kwa kuwa hana nyota wa kiwango cha Connor McDavid, mkumbushe usiku ule. Halafu mkumbushe Edmonton, waliopata chaguo la kwanza 2010, 2011, 2012 na 2015, na bado hawakuonja mtoano, ile hatua ya mwisho ya kuwania ubingwa, hadi 2017. Kushika mkia peke yake hakujengi timu.

Sasa tazama alichofanya na zamu alizopewa. Mwaka 2019 alichagua wa sita, akamtaja Moritz Seider, beki Mjerumani ambaye wachambuzi wengi walimweka chini zaidi. Hata kijana mwenyewe alionekana kwenye kamera ameduwaa. Mwaka 2022 Seider akawa chipukizi bora wa ligi. Mimi ninayewafundisha mabeki video zake huzirudisha nyuma mara nyingi, kwa jambo moja: hamsubiri mshambuliaji afike golini. Anateleza kinyumenyume kwa mwendo ule ule wa mpinzani, anabaki umbali wa gongo moja, kisha anapokaribia mstari wa bluu, pale eneo la kulinda goli linapoanzia, anafunga njia ya katikati na kumsukumia ukutani. Mpinzani amekosa pasi na amekosa shuti kabla hajaingia eneo la hatari. Beki wa namna hiyo humuoni kwenye orodha ya mabao, unamwona ukijua unatafuta nini. Chaguo lile la nne likawa Lucas Raymond wa Sweden, na msimu wa 2024/25 alifikisha pointi 80 za mabao na pasi. Kwa nusu hii ya kazi, nampa Yzerman alama za juu bila kusita.

Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Majira ya usajili ya 2022 alimpa Andrew Copp, mwenye miaka 28, mkataba wa miaka mitano kwa dola milioni 5.625 kwa mwaka, na Ben Chiarot, mwenye 31, miaka minne kwa milioni 4.75. Mwaka uliofuata J.T. Compher akapewa miaka mitano kwa milioni 5.1. Ni wachezaji wa kuheshimika, wanajua kazi. Tatizo ni umri. Wakati ule Seider alikuwa na miaka 21 na Raymond 20. Mkataba wa Copp unapoisha 2027, yeye anakaribia 33, huku vijana wale wakiwa kwenye ubora wao. Fedha na dakika za uwanjani zilitumika miaka ambayo timu haikuwa tayari kushinda chochote.

Matokeo yake ni timu ya katikati: pointi 80, kisha 91, kisha 86. Zile 91 za 2024 zililingana na za Washington, lakini Washington walikuwa wameshinda mechi nyingi zaidi ndani ya dakika 60 za kawaida, bila muda wa nyongeza, wakaingia mtoano wao. Hadi 2025 Detroit ilikuwa imekosa mtoano misimu tisa mfululizo. Na ukiwa katikati, zamu zako za kuchagua nazo zinakuwa za katikati: la 15 mwaka 2024, la 13 mwaka 2025.

Kuna uamuzi mmoja ambao siwezi kuutetea. Juni 2024 alimtoa beki Jake Walman kwenda San Jose, akaongeza na chaguo la raundi ya pili juu yake, na hakurudishiwa chochote cha maana. Machi iliyofuata San Jose wakamuuza Walman kwa Edmonton, wakavuna chaguo la raundi ya kwanza. Mchezaji ni yule yule, ndani ya miezi tisa. Kupunguza mshahara ili upate nafasi ni jambo la kawaida, lakini kulipia ili uchukuliwe mchezaji mwenye thamani sokoni ni kutolijua soko.

Kwetu mazingira ni mengine. Huku ukishika mkia unashuka, na hakuna chipukizi wa kukufariji. Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, walipomaliza wa nne 2023/24 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho, walifika huko bila zamu ya kuchagua wala kikomo cha mishahara kwa wapinzani wao. Ila suala la umri na mkataba ni lile lile. Klabu ikiniletea orodha ya usajili, kabla ya kuuliza mchezaji ana uwezo gani, naandika pembeni ya kila jina atakuwa na miaka mingapi mwaka ambao vijana wetu wa sasa watakuwa wamekomaa. Majina mengi hukatwa hapo.

Kwa Yzerman, jibu kamili litakuja mikataba ya Copp na Compher itakapokwisha, 2027 na 2028. Hapo zitafunguka dola zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, Seider akiwa na 26 na Raymond 25. Nitaangalia anampa nani.