Silikanti wa Tanga hakanushi nadharia ya mageuko

Ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi ya WhatsApp hapa Tanga unadai kwamba silikanti, samaki anayenaswa kwenye majarife ya wavuvi wetu, amebatilisha nadharia ya mageuko (kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi), kwa kuwa wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dinosaria. Kweli walikosea, hadi alipopatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938. Lakini kosa lilihusu kutoweka kwake, si mageuko. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo. Anayetaka kuhakiki alinganishe picha za visukuku, yaani mabaki ya silikanti wa kale yaliyogeuka mawe, na samaki wa leo, mwenye mapezi manene kama viguu: jenasi zao, yaani makundi ya spishi zenye ukoo wa karibu, ni tofauti. Watu huchanganyikiwa, nami nawaelewa, kwa sababu muumini huanzia kwenye ufunuo usiobadilika, ilhali mwanasayansi huanzia kwenye ushahidi, ambao una haki ya kumsahihisha; hivyo kosa lililosahihishwa huonekana kama kuanguka kwa nadharia nzima.