Mkupuo unaishia wapi? Kupanga data za tabia za wanyama kwa R

Mtazame kuku anayekula. Anadonoa, anadonoa, anainua kichwa sekunde tatu, anadonoa tena. Kisha anaondoka, anachambua manyoya, na dakika kumi baadaye anarudi chakulani. Jedwali lako lina mistari 400 ya kudonoa, lakini kuku hakuanza kula mara 400. Alikula kwa mikupuo michache, yaani vipindi vya kula mfululizo, na hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Je, mwanya wa sekunde ngapi unakata mkupuo? Wengi huchagua 60 kwa kuwa ni dakika kamili. Mimi siikubali njia hiyo: saa haijui njaa ya kuku. Pima mianya, tangu tendo moja linapokoma hadi lingine linapoanza, kisha chora histogramu (chati ya nguzo za idadi) ya logi zake. Mara nyingi vitatokea vilima viwili: kimoja cha mianya mifupi ya ndani ya mkupuo, kingine cha mirefu inayotenganisha mikupuo. Mpaka uko bondeni.

Watafiti Slater na Lester, mwaka 1982, walitoa kanuni ya kuuweka mpaka pale ambapo mianya inayowekwa kundi lisilo lake ni michache kabisa. Tuseme mianya 80 katika 100 ni mifupi, wastani wake sekunde 5. 20 iliyobaki ni mirefu, wastani sekunde 300. Gawanya 0.8/5 kwa 0.2/300, unapata 240. Logi asilia ya 240 ni 5.48. Igawe kwa tofauti ya 1/5 na 1/300: mpaka ni sekunde 28 hivi. Ukitumia 60, mikupuo mingine iliyo mbalimbali itaungana.

Kanuni hii inachukulia kwamba uwezekano wa kuanza tena haubadiliki kadiri muda unavyopita. Kwa milo si kweli, maana shibe hupungua. Ndiyo maana watafiti Tolkamp na Kyriazakis (1999) walipendekeza kuzigeuza data ziwe logi kwanza.

Kwenye R, lugha ya programu ya kuchambulia data, kazi iliyobaki ni mstari mmoja:

mkupuo <- cumsum(mwanya > 28) + 1

cumsum hujumlisha mstari kwa mstari, hivyo kila mwanya unaovuka mpaka unaongeza namba ya mkupuo. Angalia mstari wa kwanza wa jedwali: hauna mwanya, na ukiuacha na NA (alama ya R ya thamani isiyopo), safu nzima itajaa NA. Weka 0. Tena fanya hesabu hii kwa kila mnyama na kila siku peke yake, la sivyo mdonoo wa mwisho wa kuku mmoja utaungana na wa kwanza wa mwenzake.