Taimauti huombwa mezani, si kwa refa

Kuna kelele moja ninayoisikia karibu kila mechi ya mpira wa kikapu ninayokwenda kukagua waamuzi. Kocha amesimama ukingoni mwa uwanja, shingo imemtoka mishipa: "Refa! Taimauti! Taimauti!" Anataka mchezo usimame kwa mapumziko ya dakika moja. Refa anampita mbio kana kwamba hajasikia. Mpira unaendelea, wapinzani wanafunga, na jukwaa zima linaamini refa kanunuliwa. Hajanunuliwa. Mpira ulikuwa ukichezwa, na kanuni haimruhusu refa kuukatisha kwa sababu benchi limepiga kelele.

Huku kwetu Afrika Mashariki tunacheza kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, na kwa kanuni hizo taimauti huombwa kwenye meza ya maofisa, wanapokaa mtunza saa na mwandishi anayejaza karatasi ya matokeo. Mwenye haki ya kuomba ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, basi. Mchezaji haombi, hata awe nahodha. Kocha anakwenda mezani, au anahakikisha wametazamana na maofisa macho kwa macho, anatamka wazi na kuonesha alama ya T kwa mikono. Wengi wanaolalamika wamezoea kutazama NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ambako mchezaji mwenye mpira anaweza kumgeukia refa na kupewa taimauti papo hapo. Ni utaratibu mwingine kabisa. Vyuo vya Marekani navyo huwaruhusu wachezaji kuomba. Mwaka 1993, kwenye fainali ya vyuo, Chris Webber wa Michigan aliomba taimauti zikiwa zimebaki sekunde 11, timu yake iko nyuma kwa pointi mbili na haina taimauti hata moja. Wakapewa faulo ya kiufundi, adhabu inayowapa wapinzani mitupo huru, na North Carolina wakatwaa ubingwa. Kwa FIBA ombi lake lisingepokelewa na mtu yeyote.

Ombi likishafika mezani, hukaa likisubiri nafasi. Nafasi hufunguka kwa timu zote mbili pale mpira unapokufa, yaani hauchezwi, saa ya mchezo imesimama, na refa amemaliza kuwasiliana na meza, kwa mfano ameshaonesha namba ya aliyecheza faulo. Hufunguka pia mtupo huru wa mwisho, ule unaotolewa kwa faulo, ukiingia. Na timu ikifungwa goli la kawaida, timu hiyo iliyofungwa peke yake ndiyo hupata nafasi. Nafasi hiyo hufungwa pale mchezaji anapokabidhiwa mpira wa kurusha ndani au wa mtupo huru wa kwanza. Kocha akichelewa hapo, atangoja nafasi nyingine, hata kama sauti yake imefika mtaa wa pili.

Nafasi ikiwepo, mtunza saa hupiga honi. Honi ile inampa refa taarifa tu. Taimauti huanza refa anapopuliza kipenga na kuonesha alama, na hapo ndipo dakika moja huanza kuhesabiwa. Ikifika sekunde ya 50 honi hulia tena ili timu zijiandae kurudi.

Katika mafunzo ya maofisa wa meza mimi hutumia muda mrefu kwenye mechi moja tu: fainali ya Olimpiki ya Munich, usiku wa Septemba 9 kuamkia 10, mwaka 1972. Zimebaki sekunde 3, Umoja wa Kisovieti unaongoza 49 kwa 48, na Doug Collins wa Marekani ana mitupo huru miwili. Wa kwanza unaingia. Anajiandaa kwa wa pili, honi ya meza inalia. Anarusha hivyo hivyo, unaingia, 50 kwa 49. Kwa kanuni za wakati ule, baada ya mtupo huo taimauti ilikuwa haitolewi tena. Wasovieti wakaurusha mpira ndani huku watu wa benchi lao wakiivamia meza, wakidai kocha Vladimir Kondrashin aliomba na hakupewa. Refa Renato Righetto wa Brazil akasimamisha mchezo ikiwa imebaki sekunde 1.

Katibu Mkuu wa FIBA, William Jones, akashuka na kuagiza sekunde 3 zirudishwe. Mpira ukarushwa kabla saa haijarekebishwa, honi ikalia, Wamarekani wakashangilia ubingwa. Ikabidi kurudia. Safari hii Ivan Edeshko akautupa mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, Alexander Belov akaudaka na kufunga: 51 kwa 50. Righetto alikataa kusaini karatasi ya matokeo. Rufaa ya Marekani ilikataliwa kwa kura 3 dhidi ya 2, na wachezaji wao hawajachukua medali zao za fedha hadi leo.

Watu wanakumbuka pasi ya Edeshko. Mimi nawaomba wanafunzi wangu waitazame ile honi. Benchi liliamini limeomba, taarifa ikamfikia refa mpira ukiwa tayari mikononi mwa mrushaji. Kanuni ya leo imeliweka wazi jambo hilo: ukiomba katikati ya mitupo, unasubiri, na wa mwisho ukiingia unapewa.

Dakika mbili za mwisho zina mambo yake. Timu ina taimauti 2 katika nusu ya kwanza ya mchezo, 3 katika nusu ya pili, na 1 katika kila muda wa nyongeza, wala hazihamishwi. Lakini saa ikifika dakika 2 za mwisho za robo ya nne, huruhusiwi kutumia zaidi ya 2. Kocha aliyezibana zote tatu huona mwandishi wa meza akiifuta moja kwa mistari, na hapo hugombana na meza isiyo na kosa.

Kwa hiyo refa wetu hufundishwa kutupia meza jicho kabla ya kukabidhi mpira, kila mara. Nanyi makocha, mkishaomba, msigeuke kurudi benchi hadi ofisa wa meza awaitikie kwa kichwa.