Je, wajua? Moto mkali hauivishi maharage haraka

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sufuria ya maharage ikianza kutokota, hapo ndipo kazi inapoanza. Unaongeza mkaa, unafungua mlango wa jiko, unapepea. Povu likipanda na mfuniko ukirukaruka, najiambia yanaiva. Nilikuwa nimekosea, na mkaa mwingi umeteketea kwa imani hiyo.

Ukweli ni kwamba maji yakishachemka hayazidi kupata joto. Yatokote taratibu au yafoke mpaka yamwagikie jikoni, joto lake ni lile lile. Na harage halina habari na moto ulio chini ya sufuria. Linaivishwa na maji yanayolizunguka.

Chukua ndoo, iweke chini ya bomba. Mwanzoni, kadiri unavyofungua bomba ndivyo maji yanavyopanda haraka. Ndoo ikishajaa, fungua bomba mpaka mwisho: maji hayapandi tena hata kidole kimoja, yanamwagika tu kwa kasi zaidi. Moto ndiyo bomba, joto la maji ni kina cha ndoo, na kinachomwagika ni mvuke. Ndoo iliyojaa inahitaji tone tu la kufidia kinachopungua.

Tena huko kumwagika ni ghali kuliko nilivyodhani. Kuigeuza lita moja inayochemka yote iwe mvuke kunahitaji joto la takriban mara 7 ya lile lililotumika kuichemsha tangu ikiwa maji ya bombani. Kwa anayepikia umeme, kila lita inayopotelea hewani ni zaidi ya nusu uniti ya Luku. Mfuniko unaokaa vizuri unarudisha sehemu kubwa ya mvuke huo ndani.

Dodoma tuna jambo letu la ziada. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inayokandamiza maji ni pungufu kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ndoo yetu ina ukingo mfupi. Ndiyo maana sufuria ya hapa huchelewa kidogo, na ndiyo maana mtu hushawishika kuongeza mkaa, ambao hausaidii kitu. Kinachosaidia ni kuinua ukingo wenyewe: jiko la presha hubana mvuke ndani, maji yakafika nyuzi 110 na kuendelea kabla ya kuchemka. Nne zilizopungua zinarudi na nyingine juu yake.

Wanaolaumu maji yenye chumvichumvi nao wana hoja. Maji yenye chokaa nyingi hukaza ganda la harage, na maharage yaliyokaa sana ghalani huwa magumu popote pale. Ila kwa hayo pia, kupepea si dawa. Kuyaloweka usiku kucha kunasaidia.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Naufurahia kwa moyo wote. Lakini mtungi wa gesi nao huisha upesi ukiachwa kwenye moto wa mwisho kwa saa mbili, na umeme vivyo hivyo. Natamani kila mtungi wa ruzuku ukabidhiwe pamoja na maelezo haya ya dakika tano: ikichemka, funika, punguza.

Siku hizi maharage yangu yakichemka nafunga mlango wa jiko, nafukia makaa kwa majivu, naacha vipovu viwili vitatu vikipanda pembeni mwa sufuria. Yanaiva kwa muda ule ule wa zamani. Makaa yanayobaki chini ya majivu yanatosha kuchemshia maji ya kuoga.