Pikapu Aktivu na Pasivu za Gitaa: Dhana Potofu na Ukweli

Mpiga solo wa kwaya moja aliniletea gitaa lake akiwa amekwisha kuchanga fedha za kununua pikapu mpya, yaani vinasa mlio vilivyo chini ya nyuzi, kwa kuwa zile alizokuwa nazo, kwa maneno yake, zilikuwa zimekufa. Mlio ulikwaruza kila alipocharaza kwa nguvu, kisha ukafifia kabla uzi haujaacha kutetemeka. Nilifungua mfuniko wa nyuma, nikapima betri ya volti 9, na kipimo kikasoma volti 5 na ushei. Tulipoweka betri mpya gitaa likarudia hali yake. Kumbe lilikuwa likishinda na kulala kwenye stendi kanisani huku kebo imechomekwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba katika gitaa la aina hiyo kuchomeka kebo ndiko kunakowasha saketi.

Pikapu yoyote ya sumaku, iwe aktivu au pasivu, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba: uzi wa chuma ukitetemeka juu yake huuvuruga uga wa sumaku, na koili huzalisha umeme mdogo. Pikapu pasivu huupeleka umeme huo kama ulivyo, kwa hiyo waya wake hauna budi kuzungushwa mara nyingi. Koili ya Stratocaster, gitaa mashuhuri la Fender, hufikia mizunguko 7,500 hadi 8,000 hivi. Pikapu aktivu huzungushwa mara chache zaidi, kisha saketi iliyofungiwa humo ndani, inayotumia betri, huukuza umeme huo kabla haujatoka kwenye gitaa.

"Gitaa lenye betri lina pikapu aktivu"

Si lazima. Gitaa la besi la Music Man StingRay, lililotoka mwaka 1976, lina pikapu pasivu. Kinachotumia betri ni saketi ya kurekebisha mlio iliyo nyuma yake. Tunapozoea kuziita "pikapu za betri" tunajichanganya wenyewe, na mnunuzi huishia kubadilisha kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

"Aktivu ni za muziki wa metali (heavy metal) tu, na daima zina sauti kubwa"

Dhana hii ina asili yake. Kampuni ya EMG, mtengenezaji wa pikapu aktivu, iliyoanzishwa na Rob Turner huko California mwaka 1976, ilijulikana duniani kupitia wapiga metali kama James Hetfield na Kirk Hammett wa Metallica. Lakini David Gilmour wa Pink Floyd naye alipiga kwa miaka mingi Stratocaster nyekundu yenye pikapu za EMG, na mlio wake ni safi, mpana, usio na ukali wowote wa metali. Kuhusu ukubwa wa sauti, koili ya pikapu aktivu peke yake ni dhaifu kuliko ya pasivu, na nguvu inayotoka ni ile ambayo mbunifu wa saketi ameamua itoke. Zipo pasivu, kama Super Distortion ya DiMarzio, zilizotengenezwa makusudi kuisukuma amplifaya hadi ipasuke sauti. Kwa maoni yangu, mpiga sebene au benga anayetaka kila noti isikike peke yake hana sababu ya kuziogopa aktivu kwa ajili ya jina lake tu.

"Pasivu ina hisia, aktivu haina"

Hapa ndipo mabishano huwa makali, na hapa pia ndipo penye ukweli mwingi zaidi wa kujifunza. Pikapu pasivu ina impidansi (ukinzani kwa umeme wa mlio) kubwa, kwa hiyo mlio wake unategemea kila kitu kinachoifuata. Kebo ya kawaida ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, ambao humeza milio ya juu) ya pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Ukitoka kwenye kebo ya mita 3 ukaenda kwenye ya mita 10, milio ya juu inapungua na gitaa linakuwa zito, ingawa hukugusa kitu kingine. Utegemezi huohuo ndio unaowafurahisha wengi: ukipunguza sauti kidogo kwenye gitaa, mlio wa pedali ya fazi (kifaa cha mguuni cha kukwaruzisha mlio) ya mtindo wa zamani unakuwa safi kwa namna ambayo aktivu huiiga kwa shida. Hisia inayosemwa ipo kweli, lakini ni matokeo ya umeme, wala si roho iliyomo kwenye sumaku.

Sasa tazama hali ya kanisani au ukumbini ambako hakuna amplifaya ya gitaa, na kebo inakwenda moja kwa moja kwenye miksa. Tundu la laini (line) la miksa nyingi lina impidansi ya kiloomu 10 hivi, wakati gitaa pasivu linahitaji kama megaomu 1, yaani kiloomu 1,000. Mlio unaotoka ni mwembamba na umefifia, na fundi mitambo hulaumiwa bure. Pikapu ya EMG 81, ambayo impidansi yake ya kutoa ni kiloomu 10, itapoteza nguvu kiasi hapo lakini rangi ya mlio haitabadilika sana. Mwenye pasivu anapata nafuu hiyohiyo kwa DI boksi aktivu, kisanduku kinachowekwa kati ya gitaa na miksa ili kulinganisha impidansi, ambayo ni rahisi kuliko kubadilisha pikapu zote.

"Aktivu pekee ndizo zisizonguruma"

Mngurumo wa umeme wa hezi 50 huondolewa kwa koili mbili zilizopangwa kinyume, ufumbuzi ambao Seth Lover aliubuni pale Gibson mwaka 1955 bila betri yoyote. Tofauti iliyopo ni nyingine, na ni ya usalama. Gitaa pasivu huwa na waya wa ethi unaokwenda kwenye nyuzi, na katika jengo ambalo ethi yake ni mbovu mpigaji huweza kupigwa shoti mdomoni anapogusa maikrofoni. EMG huelekeza waya huo usiunganishwe, na hatari hupungua. Hata hivyo ethi ya jengo lazima irekebishwe, kwa kuwa anayesimama jukwaani Jumapili ijayo anaweza kuwa na gitaa lingine.

"Betri huisha upesi"

EMG 81 hutumia mikroampea 80 tu, na betri moja huihudumia kwa saa 3,000 hivi. Pikapu mbili zikigawana betri hiyo zinapata saa 1,500: zaidi ya miaka miwili kwa anayepiga saa mbili kila siku, na siku 62 tu kwa gitaa lisilochomolewa kebo.

Anayeamua kubadilisha aina abadilishe na potensiometa, yaani vidhibiti vilivyo chini ya vinobu vya gitaa. Aktivu nyingi hutaka kiloomu 25, pasivu za koili moja 250, na za koili mbili 500. Aktivu ikifungwa na ya 500, kinobu cha sauti hufanya kazi kama swichi. Pasivu ikifungwa na ya 25, mlio huwa kama umefunikwa blanketi. Thamani hiyo kwa kawaida imechapwa kwenye potensiometa yenyewe, na husomeka kabla chuma cha kulehemu hakijapata moto.