Kabla ya Kuiamini Sayari, Ijue Nyota Yake

Darubini ya anga ya TESS, iliyorushwa na Marekani Aprili 2018, haizioni sayari za nyota nyingine inazozitafuta. Inapima mwanga wa nyota na kungoja ufifie kidogo, kisha urudi. Mwanga ukifanya hivyo tena na tena kwa muda unaolingana, huenda kuna sayari inayopita mbele ya nyota hiyo. Huenda tu.

Tuseme mwanga umepungua kwa asilimia 1. Kama nyota ina ukubwa wa Jua letu, kilichopita kinalingana na Mshtarii, sayari yenye kipenyo mara 11 ya Dunia. Kama ni nyota kibete nyekundu mfano wa TRAPPIST-1, ambayo kipenyo chake ni takribani asilimia 12 tu ya kile cha Jua, basi kilichopita ni kikubwa kidogo tu kuliko Dunia. Na kama ni nyota jitu, pana mara 10 kuliko Jua, kilichopita kina upana wa Jua zima. Hiyo si sayari, ni nyota nyingine! Darubini hutupa uwiano peke yake: ni sehemu gani ya uso wa nyota imezibwa.

Ndiyo maana sisi wanaastronomia huanza na nyota. Tunautawanya mwanga wake kama upinde wa mvua na kusoma mistari myeusi iliyomo. Mistari hiyo hutuonyesha joto la nyota. Katika nyota kibete, ambako gesi imebanwa sana, baadhi yake hunenepa. Katika nyota jitu huwa myembamba. Umbali tunaupata kwa vipimo vya chombo cha Ulaya, Gaia, kilichorushwa 2013 na kuzimwa 2025. Ukishajua umbali, mng'ao na joto, ukubwa wa nyota unapatikana kwa hesabu.

Mtego mwingine ni nyota pacha zinazoonekana kama moja. Zikiwa na mwanga sawa, mwanga wa pacha hupunguza kina cha kufifia kwa nusu, na sayari halisi huwa pana mara 1.4 kuliko tulivyodhani.

Mwaka 2017 watafiti waliochunguza upya zaidi ya nyota 1,300 za Kepler, darubini ya anga iliyotafuta sayari kabla ya TESS, kwa kutumia darubini ya Keck huko Hawaii, waliona pengo: sayari zenye kipenyo kati ya mara 1.5 na 2 ya Dunia ni chache mno. Pengo hilo lilikuwamo kwenye data za Kepler tangu awali, likifichwa na vipimo hafifu vya nyota.