Je, wajua kwa nini skripti ya kufungua vifurushi haipaswi kuliamini jina la faili?

Umepakua faili yenye mkia wa .zip, ukaandika amri ya unzip kwenye terminali, ukajibiwa kwamba hiki si kifurushi cha zip. Jina linadai hivi, programu inakataa. Mara nyingi programu ndiyo yenye haki, kwa sababu unzip haijali mkia wa jina. Hutafuta alama zilizomo ndani ya faili. Huenda tovuti ilikutumia ukurasa wa kosa, kivinjari kikauhifadhi kwa jina ulilotarajia.

Karibu kila mbinu ya kubana huacha alama yake kwenye baiti za mwanzo. Zip huanza na herufi PK, za jina la Phil Katz aliyeibuni mwaka 1989. Gzip huanza na baiti mbili, 1f 8b (zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16). Bzip2 huanza na BZh, na xz huanza na fd 37 7a 58 5a 00. Ukitaka kuziona kwa macho, andika `head -c 6 faili | xxd`. Amri ya `file` hufanya ukaguzi huohuo kwa mamia ya aina za faili, na skripti nzuri huanzia hapo:

```
#!/bin/bash
f="$1"
d="$(basename "$f")-wazi"
mkdir "$d" || exit 1
case "$(file -b --mime-type "$f")" in
  */zip) unzip "$f" -d "$d" ;;
  *gzip|*bzip2|*xz|*tar) tar -xf "$f" -C "$d" ;;
  *) echo "Aina haijulikani: $f"; exit 1 ;;
esac
```

Usiziondoe alama za nukuu kwenye "$f". Bila hizo, jina lenye nafasi katikati hukatwa vipande, kila kipande kikachukuliwa kuwa faili peke yake. Folda mpya nayo ina kazi: vifurushi vingine vina mamia ya faili zisizo na folda ya kuzikusanya, na ukivifungua ulipo, vitamwaga kila kitu humo na pengine kufuta faili zako zenye majina yanayofanana. `tar -C` haiundi folda yenyewe, ndiyo maana mkdir imetangulia. Ikiwa folda ipo tayari, skripti husimama, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa nini gzip, bzip2 na xz zote zimepelekwa kwa tar? Tar haibani chochote. Hupanga faili nyingi mfululizo ndani ya faili moja, kwa vipande vya baiti 512. Gzip, kwa upande wake, hubana mkondo mmoja tu wa data. Mkia wa .tar.gz basi unaeleza kazi mbili zilizofuatana, na tar ya GNU huitambua yenyewe mbinu iliyotumika kubana inaposoma faili. Lakini .gz iliyobana faili moja tu, kama vile kumbukumbu za seva, haina tar ndani. Hapo tar italalamika, nawe utumie `gzip -dk`. Ukisahau herufi k, faili ya awali itafutwa.

Upakuaji uliokatika njiani huonekana tofauti kwa kila aina. Zip huweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa, kwa hiyo sehemu hiyo ya mwisho ikikosekana unzip hukataa kazi nzima, hata kama sehemu kubwa ya data imefika salama. `zip -FF mbovu.zip --out nzima.zip` huweza kuokoa baadhi. Tar.gz husomwa kuanzia mwanzo, hivyo utapata faili za mwanzo kisha kosa la mwisho usiotarajiwa. Usidhani umepata zote kwa sababu folda imejaa! Pima kwanza kwa `gzip -t` au `unzip -t`.

Pima pia ukubwa kabla ya kufungua. `unzip -l` huonyesha jumla ya baiti. `gzip -l` za kabla ya toleo la 1.12 husoma ukubwa kutoka kwenye baiti 4 za mwisho, ambazo haziwezi kubeba namba ya gigabaiti 4 au zaidi. Faili ya gigabaiti 5 itaonekana kama ya gigabaiti 1, na diski itajaa katikati ya kazi. Kwa toleo kama hilo, hesabu kwa `gzip -dc faili.gz | wc -c`.